Bomani, kanisani, msikitini au kimila? Ulinganisho wa makaratasi ya ndoa Tanzania Bara

Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mke aliyefunga ndoa bomani hana haki hata moja zaidi ya aliyefunga msikitini, na wa kanisani hamzidi wa kimila. Njia zote nne zinazaa ndoa yenye nguvu ileile. Naanza na hilo kwa sababu wachumba wengi wanaokuja kuniuliza wanakuja na hofu: mmoja ameambiwa ndoa ya bomani si ndoa kamili, mwingine ameambiwa ya kimila haitambuliki serikalini. Yote mawili si kweli.

Kinachotofautiana ni makaratasi. Nani anashika daftari siku hiyo, anaandika ndoa ya mke mmoja au ya wake wengi, nani ana wajibu wa kuifikisha kwenye kumbukumbu za serikali, na miaka ishirini baadaye mtu akihitaji nakala ya cheti, aende kubisha hodi wapi. Hapo ndipo bomani, kanisa, msikiti na mila zinapoachana, na zinaachana sana.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Mafaili ninayoshika zaidi si ya watu wanaooa bali ya wajane, watoto wa marehemu na wanandoa waliokwisha kugombana. Ndiyo maana ulinganisho huu nimeuandika kwa kurudi nyuma: kutoka siku cheti kinapohitajika, hadi siku ya kuchagua.

Yaliyo sawa popote mtakapokwenda

Kwanza ni siku 21. Kifungu cha 18 kinataka wachumba watoe taarifa ya kusudio la kufunga ndoa angalau siku 21 kabla ya siku yenyewe. Taarifa hiyo inabeba majina yenu, umri, makazi, majina ya wazazi, hali ya kila mmoja (hajawahi kuoa au kuolewa, amefiwa, ameachika), na kama ndoa ni ya wake wengi, majina ya wake waliopo. Kisha inatangazwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kanisani mtu anasikia jina lake likisomwa Jumapili tatu mfululizo. Bomani inabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Lengo ni moja.

Pili ni mashahidi, wasiopungua wawili, watu wazima wanaoelewa kinachofanyika. Tatu ni ridhaa ya hiari ya wote wawili. Nne ni umri. Hapa nieleze kidogo, maana bado kuna watu wanaosoma sheria ile ya 1971 kama ilivyochapwa na kuona msichana wa miaka 15 akiruhusiwa kuolewa. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinavyoruhusu hilo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Ukikutana na mfungishaji ndoa aliye tayari kumwozesha mtoto kwa sababu eti sheria inaruhusu, huyo si wa kumwamini na daftari lako.

Tano, hata siku ya kuachana njia ni moja. Ndoa yoyote ile, kabla ya kufika mahakamani, mgogoro unapita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Kuchagua bomani hakurahisishi talaka, na kuchagua kanisa hakuifungi mahakama mlango. Nimeona watu wakifanya uchaguzi wao wote kwa kufikiria hilo, na wanafikiria kitu kisichokuwepo.

Na mahari? Kifungu cha 41 kinasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti ya sheria haibatiliki kwa sababu taratibu za mahari hazikukamilika. Kimila na kidini mahari ina uzito wake na siidharau. Lakini shemeji anayekuja msibani kusema "huyu si mke, mahari ilibaki nusu" hana hoja mbele ya hakimu.

Mke mmoja au wake wengi

Hili ndilo jambo zito kuliko yote kwenye fomu, na ndilo linalojazwa haraka kuliko yote.

Sheria inazigawa ndoa katika aina mbili: ya mke mmoja, na ya wake wengi au inayoweza kuwa ya wake wengi. Msipothibitisha vinginevyo, ndoa ya Kiislamu na ya kimila zinachukuliwa kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo. Nyingine zote, yaani ya bomani na ya kanisani, zinachukuliwa kuwa za mke mmoja. Neno "zinachukuliwa" lina maana yake. Ni dhana ya kuanzia, na inaweza kukanushwa kwa ushahidi. Ushahidi mzuri kuliko wote ni kile kilichoandikwa siku ile na kusainiwa na ninyi wawili.

Matokeo yake ni makubwa. Mwanamume aliye kwenye ndoa ya mke mmoja akifunga ndoa nyingine, ile ya pili ni batili tangu mwanzo. Si kwamba ina kasoro, haipo. Mwanamke aliyefungishwa ndoa hiyo ya pili, hata kama alivaa shela na kukatiwa keki, kisheria si mke. Kwa upande mwingine, mwanamume mwenye ndoa ya wake wengi anaweza kuongeza mke, lakini mke aliyepo ana haki ya kuweka pingamizi wakati wa zile siku 21, kwa mfano kwamba kipato cha mume hakitoshi na kuongeza mke kutawaletea yeye na watoto wadogo dhiki. Haki hiyo ipo kwenye kifungu cha 20 na wanawake wengi hawajawahi kuambiwa. Wanaisikia kwangu baada ya harusi ya pili kupita, wakati zile siku 21 zimekwisha.

Je, aina inaweza kubadilishwa baadaye? Inaweza, kwa tamko la maandishi la wote wawili mbele ya jaji au hakimu wa mahakama ya wilaya au hakimu mkazi, kila mmoja akitamka kwamba anakubali kwa hiari yake. Mume peke yake hawezi. Na Wakristo wawili waliofunga ndoa kanisani hawawezi kabisa kuigeuza kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo.

Kwa hiyo ukilinganisha njia nne kwa jambo hili: kanisa ndilo linalofunga mlango kwa nguvu zaidi, bomani inaufunga lakini funguo mnazo ninyi wawili, msikiti na mila vinauacha wazi msipoandika vinginevyo. Dada anayeolewa kwa ndoa ya Kiislamu au ya kimila na wamekubaliana na mwenzake kuwa wawili tu, asitosheke na maneno ya mezani. Amwombe mfungishaji aandike. Na anayeolewa bomani na mwanamume ambaye tayari ana mke wa ndoa ya wake wengi ajue kwamba mwanamume huyo haruhusiwi kufunga naye ndoa ya mke mmoja. Aulize mapema, kwa jina: "Umeshawahi kufunga ndoa? Ya aina gani? Imekwisha kwa hati gani?" Mwenye nia njema hakasiriki akiulizwa hivyo.

Daftari liko kwa nani

Bomani ni ofisi ya Mkuu wa Wilaya, au ofisi ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Anayefungisha ndiye msajili, kwa hiyo kufunga ndoa na kusajili ni tendo moja. Mnasaini, mashahidi wanasaini, mnaondoka na cheti. Hakuna mtu wa kati wa kusahau. Katika yote ninayoyajua, hii ndiyo njia yenye nafasi ndogo zaidi ya karatasi kupotea.

Kanisani, mchungaji au padri anayefungisha anapaswa kuwa na leseni ya kufungisha ndoa kutoka kwa Msajili Mkuu, na ana wajibu wa kupeleka taarifa za ndoa alizofungisha serikalini. Parokia na sharika zilizojengeka zina utaratibu mzuri, na daftari la kanisa lenyewe ni kumbukumbu ya pili inayotunzwa vizazi na vizazi. Kwa kweli, kama unataka sehemu ambayo jina lako litapatikana miaka hamsini ijayo, daftari la parokia kongwe halina mpinzani. Wasiwasi wangu ni huduma changa zilizoanzishwa juzi, ambapo mchungaji ana moyo lakini leseni hana. Muulizeni kabla ya kulipia ukumbi. Si utovu wa adabu.

Sheria imewaonea huruma wanandoa hapa: ndoa haivunjiki kwa sababu aliyefungisha hakuwa na mamlaka, isipokuwa kama ninyi wawili mlijua hilo na mkaendelea. Lakini ndoa kuwa halali ni jambo moja, na kuwa na cheti ni jambo jingine. Mtu asiye na leseni hana vyeti vya serikali vya kuwapa.

Msikitini, kadhi au sheikh anayetambulika kuwa msajili anakuwa na kitabu cha vyeti. Anaandika majina, jina la walii (msimamizi wa bibi harusi), mahari iliyotajwa, mashahidi, kisha mnapewa nakala yenu na nyingine inakwenda kwa msajili. Ikifanyika hivyo, ndoa ya Kiislamu ina karatasi zenye habari nyingi kuliko ya bomani, na ile sehemu ya mahari huokoa mabishano mengi baadaye. Shida inakuja pale nikaha inapofungwa nyumbani, jioni, kwa haraka, na mzee anayeheshimika mtaani ambaye anajua dini vizuri lakini hana kitabu. Kidini nguzo zimetimia. Kisheria pia ndoa ipo, kwa sababu kifungu kilekile cha 41 kinasema kutosajiliwa hakubatilishi ndoa. Kinachokosekana ni kitu cha kuonyesha.

Nikupe picha. Alikuja mama mmoja mtu mzima, amefunga albamu ya picha ndani ya khanga. Mumewe alikuwa amefariki na anafungua mirathi.

"Mama, cheti cha ndoa unacho?"

"Mwanangu, nilifungishwa ndoa mbele ya watu zaidi ya mia. Hebu tazama."

Akafungua albamu pale mezani. Picha zilikuwa nzuri, rangi zimeanza kugeuka njano: yeye na mume wamekaa kwenye busati, mikono ya sheikh juu ya mikono ya wanaume wawili. Akaanza kuwataja waliomo mmoja mmoja kwa kidole. Sheikh, marehemu. Shahidi wa kwanza, marehemu. Walii, marehemu. Kidole kikasimama kwa shahidi wa pili, kijana mwembamba aliyevaa kofia. Huyo alikuwa hai, na ndiye shemeji aliyekuwa anampinga mahakamani. Daftari la sheikh halikujulikana liliko. Mama yule hatimaye alitambuliwa, kwa ushahidi wa majirani na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, lakini miezi iliyopita hapo katikati aliishi kama mpangaji ndani ya nyumba aliyoijenga. Karatasi moja ingemaliza jambo hilo asubuhi ileile.

Kimila ndiko mzigo wote unakuwa juu yenu. Wazee wakikutana, mahari ikapokelewa, sherehe ikafanyika, na msajili hakuwepo, sheria inawapa ninyi wanandoa siku 30 za kwenda kuomba ndoa yenu isajiliwe. Hakuna atakayewakumbusha. Wazee wanaona kazi imekwisha. Na kwao ni kweli imekwisha. Siku thelathini zinapita mkiwa bado mnarudisha viti vya kukodi. Kama mnachagua mila, na ni chaguo lenye heshima yake, teueni mtu mmoja kabla ya siku, si baada, ambaye kazi yake ni kuwapeleka bomani na mashahidi wawili, mmoja kutoka kila upande.

Makaratasi ya kuandaa

Kwa jumla, bomani wataomba vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa au hati za kusafiria, picha ndogo, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayowatambulisha. Aliyefiwa analeta cheti cha kifo cha mwenza. Aliyeachika analeta hati ya talaka. Mgeni kutoka nje ya nchi analeta uthibitisho kutoka kwao kwamba hana ndoa nyingine, na hapo siku 21 huwa hazitoshi kwa sababu karatasi hiyo inasubiriwa kwanza. Anzeni nayo.

Kanisa linaongeza yake juu ya hayo: cheti cha ubatizo na kipaimara, mafundisho ya ndoa, na kwa Wakatoliki cheti cha ubatizo kiwe kimetolewa upya karibuni, kwa sababu ndoa ya awali ingekuwepo ingeandikwa pembeni ya jina lako kwenye daftari la ubatizo. Ni utaratibu wa zamani na ni ulinzi mzuri kuliko watu wanavyodhani. Mmoja wenu akiwa si Mkatoliki, kuna kibali cha kuombwa kwa askofu, nacho kinachukua muda wake. Msikiti unahitaji makaratasi machache, lakini walii lazima ajulikane mapema, na mwanamke aliyeachika au aliyefiwa ataulizwa kama eda, ule muda wa kusubiri kabla ya kuolewa tena, imekwisha. Mila haiombi karatasi yoyote siku ya sherehe, na ndiyo sababu watu hushtuka wakifika kusajili na kukuta bomani wanaomba zilezile za wengine.

Ila linalokwamisha watu kuliko karatasi yoyote ni herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Emanuel, kitambulisho cha taifa kinasema Emmanuel, cheti cha shule kina jina la babu ambalo kwenye kitambulisho halimo. Nimekaa na bibi harusi mtarajiwa tukapanga karatasi zake nne mezani, tukakuta ana majina matatu na tarehe mbili za kuzaliwa. Alikuwa amebakiza wiki mbili. Tofauti ndogo ya tahajia huwa inamalizwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Tofauti ya jina zima inahitaji hati ya kubadili jina. Na tarehe ya kuzaliwa inahitaji kurudi kwa aliyekosea kuandika. Kila moja ina foleni yake. Fanyeni zoezi hili la kupanga karatasi mezani mkiwa wote wawili, mapema, miezi mitatu kabla ikiwezekana, na muamue jina lipi ndilo litakaloandikwa kwenye cheti cha ndoa. Jina hilo ndilo litakalofuatwa na bima ya afya mkitaka kumwandikisha mwenza, na mfuko wa hifadhi ya jamii siku mmoja atakapotangulia, na ubalozi mkiomba viza ya kuungana. Cheti cha ndoa chenye jina lisilofanana na kitambulisho ni kama ufunguo wenye jino lililokatika.

Mkiwa na haraka

Kuna leseni maalum inayoombwa kwa Msajili Mkuu pale wachumba wana sababu nzuri ya kutosubiri siku 21: safari, ugonjwa mzito wa mzazi, kituo kipya cha kazi. Inaombwa kwa maandishi na sababu inaelezwa. Kwa haraka ya kweli, bomani inashinda wengine wote, kwa sababu anayeshughulikia leseni na anayefungisha wako chini ya mfumo mmoja. Kanisa halitafupisha mafundisho yake kwa sababu una tiketi ya ndege. Nikaha inaweza kufungwa upesi sana, ila upesi huo ndio unaozaa ndoa zisizo na cheti nilizokwisha kuzieleza.

Wapo wanaofunga bomani kwanza ili wapate cheti cha haraka, kisha baadaye wanabariki ndoa kanisani. Inawezekana, na wengi wanafanya. Zungumzeni na padri au mchungaji wenu mapema, kwa sababu baadhi ya makanisa hayaihesabu ile ya bomani kwa waumini wake, na hamtaki kugundua hilo mkiwa mmeshakaa miaka miwili bila kushiriki meza ya Bwana.

Na wanaoishi tu pamoja?

Lazima niliingize hili kwenye mizani kwa sababu wengi wanalihesabu kama njia ya tano. Mtaani wanasema ukikaa na mtu miezi sita tayari ni mke wako. Hakuna sheria ya miezi sita. Kilichopo ni kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kama mume na mke, wanadhaniwa kuwa wamefunga ndoa. Wanadhaniwa. Upande wa pili unaweza kuleta ushahidi kuivunja dhana hiyo, na ushahidi wenye nguvu sana ni kwamba mmoja wao alikuwa na ndoa nyingine hai isiyomruhusu kufunga ya pili.

Dhana hii ina kazi yake nzuri. Imewasaidia wanawake waliotaka kufukuzwa mikono mitupu baada ya miaka kumi na mitano ya kulima na kujenga pamoja, kwa sababu mahakama inaweza kuwagawia mali na kuamuru matunzo. Lakini angalia inavyofanya kazi: haikupi chochote mpaka mgombane au mmoja afe, na hapo unatakiwa kuthibitisha maisha yako ya ndani kwa mashahidi. Haikupi cheti cha kupeleka benki mume anapotaka kuweka nyumba ya familia rehani bila ridhaa yako. Kwa kuilinganisha na zile nne, siiiti njia. Ni wavu ulio chini ya daraja.

Ningekuwa mimi

Wachumba wa dini mbili tofauti ambao hakuna anayebadili, waende bomani. Ipo kwa ajili ya kila mtu na haiulizi dini. Waumini wa dini moja walio na kanisa au msikiti wenye mfungishaji mwenye leseni na kitabu, wakafunge huko kwa raha zao. Hawana sababu ya kwenda bomani tena, cheti watakachopewa kinatosha. Waliokuta mfungishaji wanayempenda hana leseni wana njia mbili: wamwombe asimame pamoja na mwenzake mwenye leseni, au wafunge bomani na yeye awaombee. Sizioni kama fedheha kwake.

Kwa mwanamke ambaye jambo lake kubwa ni kuwa mke peke yake, kama si Mkristo, ningemshauri bomani, au Kiislamu kwa sharti la kuandikwa. Kwa wanaotaka mila kwa sababu wazazi ni wazee na wanataka kuona jambo likifanyika nyumbani, mila. Ila siku ya kwenda kusajili iandikwe kwenye kalenda ileile ya sherehe, na nauli ya mashahidi itengwe kwenye bajeti ileile.

Wa Zanzibar wasifuate maelezo haya. Sheria ya 1971 ni ya Bara, na kule ndoa na usajili vina sheria na ofisi zake.

Na kama mmeshafunga siku nyingi na cheti hakipo, msingoje. Ndoa yenu ni halali, lakini mashahidi wanazeeka. Nendeni kwa aliyewafungisha kama yu hai, muombe kuona ukurasa wenu kwenye daftari lake na muulize kama nakala ilifika kwa msajili. Kama hakuwa na daftari, nendeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya ninyi wawili pamoja na shahidi mmoja au wawili waliokuwepo siku ile, mkiwa na vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na picha zenu, mwombe kuelekezwa jinsi ya kuisajili ndoa iliyochelewa. Mkikabidhiwa cheti, kabla ya kuondoka dirishani soma kila herufi ya jina lako na la mwenzako, na angalia kilichoandikwa kwenye aina ya ndoa. Kosa likionekana pale linarekebishwa pale. Toeni nakala mbili zilizothibitishwa na wakili, moja ikae nyumbani, nyingine mkampe dada au mama upande wa mke.